Konde la Mchanga Linavuja: Jibu kwa Msomaji wa Magarini

Msomaji wa Magarini, Kilifi, ametuandikia. Ana ekari mbili za mahindi kwenye mchanga mwekundu. Kila mwaka huchoma mabua mwezi wa Februari, akipanda hutia mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia, kwa ekari, na masika iliyopita alivuna magunia manne kwa kila ekari. Anataka kujua aongeze mbolea gani, na kama ni kweli ardhi yake imechoka. Ujumbe wake umetuuma, kwa sababu kila anapouliza dukani anauziwa mfuko mwingine tu.

Ardhi hiyo inavuja rutuba, na kila kinachovuja kina tundu lake.

Tundu la kwanza ni gunia lenyewe. Magunia 10 ya mahindi, ya kilo 90 kila moja, huondoka shambani na takriban kilo 14 za nitrojeni ndani ya punje. Mfuko wa kilo 50 wa CAN, mbolea ya kukuzia, una kilo 13. Yaani ukiuza magunia 10 umeuza na nitrojeni ya mfuko mzima wa CAN, uwe uliununua au hukuununua. Potasiamu nayo sehemu kubwa hubaki kwenye mabua, ndiyo maana tunasikitika tukiona moshi. Mabua yakiungua, nitrojeni na salfa hupaa. Fosforasi na potasiamu hubaki katika majivu, lakini upepo wa kaskazi huyapeperusha, na mvua ya kwanza husomba yaliyosalia. Ule ukijani wa wiki tatu za mwanzo ambao watu huusifu baada ya kuchoma ni akiba ya miaka inayoliwa kwa mkupuo mmoja.

Tundu kubwa kuliko yote kwetu pwani ni maji. Chukua chupa ya plastiki, jaza udongo wa konde hadi theluthi, ongeza maji mpaka karibu na shingo, itikise vizuri kisha uiweke dirishani hadi kesho. Mchanga hutua kwa dakika moja hivi. Juu yake, polepole, hutua tabaka laini la mfinyanzi, na vijitakataka vyeusi vya mboji huelea. Kama tabaka laini ni jembamba kama ukucha, huna ghala. Mfinyanzi na mboji ndivyo vinavyoshika potasiamu na amonia zisiondoke. Naitreti, umbo la nitrojeni ambalo mahindi hulipenda, haishikwi hata na hivyo. Hufuata maji popote yaendako. Mvua mbili tatu kubwa za Mei zinatosha kuishusha chini ya mizizi. DAP ya siku ya kupanda ina asilimia 18 tu ya nitrojeni, na mahindi yanapofika magotini, wakati ambapo njaa yao ndiyo kwanza inaanza, sehemu kubwa yake imeshakwenda.

Maji yanayopita juu tusiyasahau. Asiyeamini kwamba mchanga wetu hukatika na aende Marafa akatazame Nyari, bonde lote lile limechongwa na mvua. Kwenye konde lenye mteremko panda mistari ikikingama na maji, na kila baada ya mita 15 hivi acha ukanda wa nyasi, kama vile vetiva.

Sasa kuziba. Usichome. Laza mabua katikati ya mistari. Mchwa watakula baadhi, si hasara, wanayarudisha ardhini. Panda kwa mashimo ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Hayo ni mashimo 9,000 hivi kwa ekari. Viganja viwili vya samadi ya mbuzi iliyoiva kwa kila shimo ni kama tani tatu kwa ekari, na wengi hawana. Basi anza na robo ekari, wilbaro 16 hadi 18, uifanye sawasawa. Kuitawanya samadi hiyo hiyo ekari nzima ni kuipoteza.

Samadi iliyoanikwa juani ukingoni mwa zizi miezi miwili imebaki nyuzi na mchanga. Ilundike kivulini, upana mita moja na nusu, kimo cha kifuani: tabaka la mabua yaliyokatwakatwa, tabaka la samadi, majani mabichi ya mti wa mlusina, kisha maji. Funika kwa makuti. Chomeka kijiti katikati. Ukikichomoa baada ya wiki kikiwa cha moto na unyevunyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, mwagia maji, na hapa kwetu kosa hili ndilo la kawaida. Lundo likinuka amonia hadi macho yakuwashe, ongeza mabua. Pindua kila wiki tatu. Miezi mitatu inatosha.

CAN itie kwa awamu mbili. Mfuko mmoja kwa ekari ni nusu kizibo cha soda kwa shimo mahindi yakiwa magotini, na nusu nyingine kabla ya kutoa mbelewele. Weka kiganja kimoja mbali na shina, udongo ukiwa na unyevu, ufukie.

Kunde na pojo katikati ya mistari husaidia, ila watu huzikosea. Zikifika wiki ya sita chimbua shina moja, osha mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu kama nyama, kinatengeneza nitrojeni. Kikiwa cheupe au kijani, bado au kimekwisha. Ukivuna, kata shina usawa wa ardhi, usiling'oe. Na ukichuma majani ya mboga kila wiki, ujue nitrojeni unaila wewe. Konde halitapata kitu.

Wenye minazi, msiuze makumbi yote. Chimba mtaro mita mbili kutoka shinani, panga makumbi humo upande wa ndani ukitazama juu, ufukie. Hushika maji kiangazi na kuachia potasiamu taratibu.

Kwa walio kwenye nchi ya mawe, upande wa Gede na Watamu, jibu ni tofauti kidogo. Udongo wa matumbawe una chokaa tayari, kwa hiyo msitie majivu wala chokaa, na mbolea ya urea isiachwe juu ya ardhi kwa kuwa hugeuka hewa. Fosforasi nayo hushikwa na chokaa, hivyo iwekeni shimoni pamoja na samadi. Jani changa likiwa la manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, hapo kilichopungua ni chuma, na CAN haitasaidia. Upungufu wa nitrojeni huanzia jani la chini, manjano ikishuka katikati kutoka nchani.

Msomaji wetu ameuliza pia juu ya maua mekundu madogo yaliyomea chini ya mashina ya mahindi. Hicho ni kiduha. Kinanyonya mizizi, na hushamiri palipokosa nitrojeni. King'oe kabla hakijatoa mbegu, kwani mbegu zake ni kama vumbi na hukaa ardhini miaka mingi, na kwenye kipande hicho panda kunde peke yake msimu ujao.