Utumishi wa Februari

Ukitaka kuliona kanisa la Moshi limefurika, njoo Desemba. Watu wamerudi nyumbani kutoka Dar na Mwanza, magari yamejaa hadi nje ya geti, na mnada baada ya ibada unachangamka: mkungu wa ndizi unanunuliwa, unarudishwa mezani, unanunuliwa tena. Naupenda sana msimu huo. Lakini ushauri wangu, kuhusu utumishi mdogo mdogo kanisani, ni wa Februari, wageni wakishaondoka.

Kwenye usharika wetu wa Kilutheri mimi ni mmoja wa kinamama wanaoandaa meza ya Bwana. Vile vikombe vidogo vinaoshwa kimoja kimoja, maana divai ikikaukia chini haitoki kwa kusuuza tu. Unaingiza kidole kilichozungushiwa kitambaa, unasugua, unakiinua dirishani kuangalia. Mara nyingi sisikii chochote cha kiroho. Nawaza maharage niliyobandika nyumbani. Nimeshaacha kusubiri moyo uwake ndipo nioshe. Naosha, na maombi yanakuja humo humo, au hayaji.

Kilichonitia moyo ni 1 Mambo ya Nyakati sura ya 9, ambayo wengi huiruka kwa wingi wa majina. Wamo mabawabu waliolala kuizunguka nyumba ya Mungu na kuifungua kila asubuhi. Wamo waliohesabu vyombo vikiingia na kutoka. Yumo Matithia, aliyekabidhiwa vitu vya kuokwa kaangoni. Mtu wa kikaango, na jina lake limeandikwa!

Luka 16:10 nayo, kuhusu aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, tumezoea kuisoma kama ngazi ya cheo: leo fagio, kesho mzee wa kanisa. Soma aya zinazofuata, Yesu anazungumzia mali. Kwa hiyo hata chenji ya michango ya jumuiya (kikundi cha sala cha majirani) iliyobaki mkobani mwako imo.

Ukitaka kuanza, chukua jambo moja lenye siku yake. "Nitawatembelea wagonjwa" huyeyuka. "Jumatano nikitoka sokoni napitia kwa bibi asiyeweza tena kufika kanisani" hudumu, hata masika njia ikiwa tope tupu. Beba mtori kidogo, ile supu nzito ya ndizi, ukiweza, na ukifika, keti. Bibi ninayempitia huuliza kwanza nani alinunua ndizi mnadani, mahubiri baadaye.

Wenye watoto wachanga, au kazi za zamu, msijilaumu kwa kukosa jumuiya ya alfajiri. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529, kijitabu chake cha mafundisho ya imani, Luther aliweka utaratibu mfupi wa asubuhi: ishara ya msalaba, Imani ya Mitume, Baba Yetu, na sala fupi ukipenda. Kisha anamwambia mtu aende kazini kwake kwa furaha. Unamaliza chai haijachemka.

Ila jihadhari na jambo moja, na hili nimeliona kwa watumishi wazuri kabisa: kugeuza zamu kuwa risiti ya kumdai Mungu. Neema hailipiwi. Utajua umefika huko ukianza kuhesabu nani hakutokea Jumamosi kufanya usafi. Hapo mwachie mwingine zamu yako Jumapili moja, ukae kwenye benchi na wanao, upokee kama wengine. Na akipanga meza tofauti na unavyoipanga wewe, mwache.