Gharama ya gereji kubadilisha injini ya Toyota IST, Arusha
Fedha nyingi huenda kwenye injini yenyewe, kwa kuwa malipo ya fundi, hata kwenye gereji za mtaa wa Unga Limited, huwa sehemu ndogo ya bei yote iwapo unairudishia IST injini ileile ya 1NZ (aina ya injini ya Toyota). Ukileta ya aina nyingine, kazi ya waya, kompyuta na mipira ya kushikilia injini hupandisha malipo ya fundi papo hapo. Uliza kama bei imejumuisha oili (1NZ hunywa takriban lita 3.7 pamoja na filta), maji ya rejeta na gasketi, maana hapo ndipo mabishano huanzia. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, hivyo dai risiti ya ununuzi na upeleke mabadiliko hayo Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla hujafikiria kuliuza.