Mnaoanza kuchangia kompyuta zenu, acheni kulimbikiza kazi

Wapya wameanza kumiminika tena, na maswali ni yaleyale. Mtu anasakinisha BOINC, programu ya kuichangia kompyuta yako kwa hesabu za miradi ya sayansi, saa mbili usiku, saa tatu ameshajiunga na miradi tisa, saa nne analalamika feni inapiga kelele, na asubuhi anataka kujua mbona krediti, yaani pointi za kazi alizofanya, bado ni sifuri. Karibuni sana, mnahitajika kweli. Ila kabla hamjagusa mipangilio, someni haya. Sielezi seva ya mradi ni nini wala kazi inashushwaje, hayo mmeshayaona.

1. Konsoli iacheni ichezewe gemu. Hakosekani mtu wa kuuliza namna ya kuiunga PS5 au Xbox. Haziungwi: hakuna programu rasmi ya BOINC wala ya Folding@home (mradi wa kuchunguza protini, wenye programu yake) kwa mashine hizo. Sifa mnazozisikia ni za PS3. Machi 2007 Sony na Chuo Kikuu cha Stanford waliileta Folding@home kwenye PS3, na Septemba mwaka huohuo mradi ukavuka petaflopi 1 (hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde), sehemu kubwa ikitoka kwenye Cell, prosesa ya PS3. Watu zaidi ya milioni 15 walishiriki hadi huduma ilipofungwa Novemba 2012. Waliokuwa wakiichangia PS3 kwa kuiwekea Linux walifungiwa mlango mapema zaidi, Aprili 2010, toleo 3.21 la mfumo wa PS3 lilipoondoa uwezo wa kuweka mfumo mwingine. Kwa hiyo ukiiona PS3 kuukuu mahali, inunue kwa ajili ya gemu zake, basi. Kadi ya picha ya kawaida ya leo inaiacha mbali sana.

2. Msilimbikize kazi. Hapa nitakaa, maana ndipo panapouma.

Mgeni anafungua mipangilio ya BOINC, anakuta mahali pa kuweka akiba ya kazi: siku 0.1, na nyongeza ya siku 0.5. Anaguna. Siku 0.1 ndiyo nini? Intaneti ikikatika je? Anaandika 10 na 10, ambacho ndicho kikomo cha juu, anahifadhi, anakwenda kulala. BOINC haina ubishi. Inaagiza.

Sasa tazameni kinachotokea. Mashine mpya haina historia. BOINC haijui bado kwamba kompyuta yako huwashwa jioni tu, inadhani iko hewani saa 24. Muda wa kila kazi inaukadiria kwa alama za jaribio fupi la prosesa na kwa makisio ya mradi, na makisio ya mwanzo mara nyingi hupotoka vibaya. Kazi iliyoandikwa saa 2 inageuka kuwa saa 7. Tuseme zimeshuka kazi 300 kwenye prosesa ya viini (core) 4. Kwa saa 7 kila moja, hizo ni saa 525 za mashine kufanya kazi. Ukiiwasha saa 5 kwa siku, ni siku 105. Ukomo wa kurudisha kazi za mradi wa Einstein@Home kwa kawaida ni siku 14. Wa Rosetta@home ni siku 3.

Baada ya siku chache BOINC yenyewe inashtuka. Inaacha kugawa muda baina ya miradi kwa uwiano uliouweka na kuanza kukimbiza kazi zenye ukomo wa karibu zaidi. Ndipo mgeni anapokuja akiwa mkali: "Mbona mradi wangu ninaoupenda haufanyi kazi?" Anaanza kusimamisha kazi moja moja kwa mkono, anasukuma nyingine mbele, anafuta iliyofika asilimia 90 kwa sababu "imekwama". Sasa ana kazi 40 zilizoanzwa nusunusu na hakuna iliyokamilika. Mtaka yote.

Upande wa pili kuna mwenzako ambaye humjui. Miradi mingi hutuma kazi ileile kwa mashine mbili na kulinganisha majibu kabla ya kuyakubali. Mwenzako aliimaliza yake kwa saa 3 na kuirudisha siku ileile. Krediti zake zinaning'inia zikisubiri uthibitisho, na kinachosubiriwa ni wewe. Ukomo ukipita, seva inaitoa nakala ya tatu kwa mtu mwingine, naye anapewa muda wake upya. Jambo la saa chache limekula karibu mwezi, na muda wote huo mafaili yamekalia diski ya mradi. Mingi ya miradi hii huendeshwa na vikundi vidogo vya vyuo vikuu ambavyo diski zao hazina nafasi ya kuchezea.

Wa Folding@home msicheke. Ninyi hampewi rundo, ila kuchelewesha kwenu ni kubaya zaidi. Angalieni logi, daftari la matukio la programu: kila kazi ina namba ya mradi, halafu run, clone na gen. Run ni umbo la kuanzia la protini. Clone ni mwendo mmoja ulioanzishwa kutoka umbo hilo kwa kasi za atomu zilizochaguliwa kibahati. Gen ni kipande cha muda ndani ya mwendo huo, na hapo ni mbio za kupokezana vijiti: gen 57 inatengenezwa kutokana na mahali gen 56 ilipoishia. Ukiizima kompyuta Ijumaa ikiwa na gen 56 nusu, ukasafiri, hakuna mtu popote anayeweza kuanza 57 mpaka muda wako uishe na 56 itumwe kwa mwingine. Ndiyo maana pointi zao za ziada hupanda kadiri unavyorudisha haraka. Na hizo za ziada huzipati bila kuweka passkey (msimbo wako wa siri wa kukutambulisha), kumaliza kazi 10 kwa passkey hiyo, na kurudisha salama angalau asilimia 80 ya unazopewa. Ombeni passkey siku ya kwanza.

Dawa: rudisheni 0.1 na 0.5. Intaneti yako ikiwa ya kusuasua, weka siku 1, usizidi hapo. Ukiogopa kukosa kazi mradi wako ukizima seva, jiunge na mradi wa pili na uupe mgawo wa rasilimali 0. Utaitwa tu wa kwanza ukikauka. Kama umeshajaza, kwanza zuia kazi mpya kwenye kila mradi. Kisha futa zile ambazo hazijaanza na ambazo hesabu inaonyesha hutaziwahi. Msione haya kufuta. Kazi iliyofutwa seva inajua mara moja na inaituma kwingine. Iliyonyamaziwa inasubiri hadi ukomo. Zilizoanza ziache ziishe.

3. Joto. Punguzeni idadi ya viini, msipunguze asilimia ya muda wa prosesa. Ukiweka asilimia 50 ya muda, BOINC inaiwasha kazi na kuisimamisha mfululizo, joto linapanda na kushuka siku nzima na feni haitulii. Viini 3 kati ya 4 vinavyofanya kazi bila kukatizwa ni afadhali. Laptopu izibuliwe vumbi kwanza, iinuliwe chini ipate hewa, na isiwekwe juu ya kitanda. Nasema tena: isiwekwe juu ya kitanda.

4. Kadi ya picha. BOINC ikisema haioni GPU, angalieni mambo mawili kabla ya kuuliza. Kwanza draiva: inayoletwa na Windows yenyewe mara nyingi haina OpenCL, kiungo cha kuitumia kadi kwa hesabu, kwa hiyo chukua ya mtengenezaji wa kadi. Pili, je, ulisakinisha BOINC kama huduma ya mfumo (service)? Kwenye Windows, ikiendeshwa hivyo haiifikii kadi. Iondoe, uisakinishe upya kwa njia ya kawaida.

Kila kadi iachie kiini kimoja cha prosesa cha kuilisha data. Usipofanya hivyo kadi yenye nguvu itakaa ikisubiri, na utailaumu kadi.

Halafu wapenda gemu, hii ni yenu. Kadi iliyosukumwa kupita kasi ya kiwandani inaweza kucheza gemu mwezi mzima bila tatizo, kwa sababu nukta moja yenye rangi isiyo sahihi kwenye skrini haionekani. Kwenye hesabu za molekuli kosa hilohilo linasambaa hatua kwa hatua hadi logi inaandika "Particle coordinate is nan" (mahali pa chembe si namba tena) na kazi inakufa. Ukiiona mara moja, huenda ni kazi yenyewe mbovu. Ukiiona mara tatu kwa siku, rudisha kasi ya kiwandani, kuanzia ya memori. Tena fanyeni kinyume: punguzeni kikomo cha umeme. Kwenye NVIDIA ni amri moja, nvidia-smi -pl ikifuatwa na wati unazotaka. Kadi ya wati 250 ikishushwa hadi 175 hupoteza sehemu ndogo tu ya kasi, na chumba kinapoa.

5. Umeme. Wati 250 kwa saa 24 ni uniti 6, kwa mwezi ni 180. Zidisha kwa bei ya kwako kabla ya bili kukuzidishia.

6. Kazi za mradi wa LHC@home zinazotumia VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya yako, zinahitaji uwezeshaji wa mashine pepe uwashwe kwenye BIOS. Ukishauwasha na BOINC bado inakataa, izime kabisa, fungua client_state.xml, tafuta p_vm_extensions_disabled, badilisha 1 iwe 0. Usiguse kingine humo.

7. Kompyuta ya ofisi au ya chuo si yako. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 fundi wa chuo kimoja jimboni Georgia, Marekani, alifunguliwa mashtaka ya jinai kwa kuweka programu ya distributed.net, mradi mwingine wa kuchangia kompyuta, kwenye kompyuta za chuo. Omba ruhusa, tena ya maandishi.

8. Simu. BOINC ya Android kwa kawaida inasubiri chaja, Wi-Fi na betri iliyojaa asilimia 90. Msiizungushe hiyo mipangilio. Imewekwa kwa ajili ya betri yenu.

9. Tumieni barua pepe moja kwenye miradi yote, la sivyo takwimu zenu zitahesabiwa kama za watu wawili.

10. Siku ya kuondoka. Watakaochoka watakuwepo, na hakuna ubaya. Msiifute tu programu mkatokomea. Kwenye BOINC zuia kazi mpya, acha orodha iishe, kisha bonyeza kitufe cha kusasisha mradi ndipo uuondoe. Kwenye Folding@home kipo kitufe cha kumaliza iliyopo na kusimama. Na wa BOINC mjue kwamba jibu kupanda kwenye seva na kazi kuripotiwa ni hatua mbili tofauti: faili linaweza kuwa limeshafika na seva bado inahesabu kazi hiyo iko kwako. Ngojeni ipotee kwenye orodha.