Ukitaka kumjua Wallander, anza na kitabu cha kwanza

Wanaojua kwamba napenda riwaya za upelelezi za Sweden huniuliza waanzie wapi. Jibu langu ni lile lile: anza na Inspekta Kurt Wallander wa Henning Mankell, tena na kitabu cha kwanza kabisa, Mördare utan ansikte, kilichotoka mwaka 1991. Kwa Kiingereza kitafute kwa jina la Faceless Killers. Usirukie cha tano kwa sababu tu ndicho ulichokikuta dukani.

Kisa kinaanza usiku wa manane, Januari 1990, katika kijiji cha Lunnarp, jimbo la Skåne, kusini kabisa mwa Sweden. Mkulima mmoja mzee anazinduka usingizini, na kinachomtia wasiwasi ni ukimya: farasi wa jirani, ambaye kila usiku humsikia akilia, leo kanyamaza. Kumbe majirani zake, mzee Lövgren na mkewe Maria, wamevamiwa. Mume ameuawa kinyama, mke yu hoi na kitanzi shingoni. Halafu polisi wanagundua kwamba farasi amelishwa. Mtu aliyetoka kufanya unyama ule alipata wapi utulivu wa kumpa mnyama majani? Swali hilo lilinikaa kichwani kuliko damu yote ya sura ile.

Kabla ya kukata roho hospitalini, Maria anatamka neno moja: wa kigeni. Neno linavuja hadi kwenye vyombo vya habari, na chuki iliyokuwa chini kwa chini inapata kisingizio. Kambi za wakimbizi zinatishiwa, na mkimbizi Msomali, asiyehusika kwa lolote, anapigwa risasi akitembea zake. Nakusihi usome kurasa hizo taratibu. Mankell aliishi kati ya Sweden na Msumbiji, akiongoza Teatro Avenida mjini Maputo kwa miaka mingi, na alieleza kwamba aliporudi kwao aliona ubaguzi umeota mizizi, akataka kuuandikia. Ubaguzi aliuona ni uhalifu, ndiyo maana akamtafuta polisi wa kuubeba. Ukisoma kwa haraka ya kumjua muuaji tu, hilo lote litakupita.

Ujiandae pia na mwendo wake. Hapa hakuna mpelelezi wa kuruka kuta. Kuna vikao, kahawa, simu zisizopokelewa, na uchunguzi unaokwama kwa miezi. Vumilia mpaka pale habari inapovuja. Baada ya hapo sidhani kama utakiweka chini. Majina ya polisi wenzake Wallander yakikuchanganya, yaandike kwenye karatasi: Rydberg, Martinson, Svedberg, Hansson. Na fungua ramani uone Ystad, mji anakofanya kazi Wallander, ilivyo pwani, jirani na Bahari ya Baltiki. Mimi ilinisaidia sana.

Kwa nini ufuate mpangilio? Kwa sababu Wallander anazeeka mbele ya macho yako. Mkewe Mona ameshaondoka, binti yake Linda anakuja na kutoweka, baba yake anachora mandhari ile ile miaka nenda rudi, mara yenye ndege, mara bila ndege. Kisukari kinakuja baadaye. Rydberg, mkongwe aliyemfundisha kazi, yumo katika kitabu hiki cha kwanza. Katika vinavyofuata Wallander huendelea kujiuliza, Rydberg angefanyaje? Usipomjua mzee huyo mwanzoni, swali hilo halitakugusa.

Cha pili, Hundarna i Riga, kwangu ndicho dhaifu zaidi, lakini kisome, kwani ndimo Wallander anamokutana na Baiba Liepa, mwanamke wa Latvia anayempenda. Cha tatu kinakupeleka hadi Afrika Kusini, kwenye njama ya kumuua Mandela. Villospår wa 1995 na Steget efter wa 1997 ndivyo vilele vya mfululizo huu. Den orolige mannen, cha mwaka 2009, kiache hadi umalize vingine vyote, na hata maneno ya nyuma ya jalada lake usiyasome mapema.