Maswali ya Wasomaji: Uhifadhi Nje ya Hifadhi

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, CBG: Jiografia C, Biolojia E, Kemia S. Nataka shahada ya uhifadhi, lakini wa huku vijijini, si wa mbugani tu. Baba anasema Mweka, mjomba anasema Olmotonyi. Nina sifa? (Msomaji, Usa River)

Marahaba. Kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa shahada ni prinsipo mbili (ufaulu kamili, A hadi E) zenye jumla ya pointi 4. C yako ni 3, E ni 1: umegusa mstari, hujabakiza hata nusu pointi. S (ufaulu mdogo) si prinsipo, iache. Ila hicho ni kiwango cha nchi nzima; kila programu ina masharti yake ya masomo, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU kabla ya kulipia ada ya maombi.

Chuo cha Mweka, juu ya Moshi, kipo tangu 1963 na nguvu yake ni wanyamapori. Olmotonyi ni misitu, ngazi ya astashahada na stashahada, kwa hiyo mjomba hajakosea, amejibu swali jingine. Kwa shahada ya misitu tazama SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ukikosa nafasi, stashahada yenye GPA ya 3.0 au zaidi inakurudisha kwenye foleni ya shahada.

Mwalimu amenirudishia ripoti ya miti ya vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kibosho. Anasema ploti zangu, yaani vipande vya kuhesabia miti, hazina mita za mraba 400. Nilipima 20 kwa 20 kwa futikamba, tena kwa uangalifu. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Moshi)

Kosa ni mlima. Futikamba yako ililala juu ya mteremko, wakati hekta huhesabiwa kwa umbali wa ulalo, kama ardhi inavyoonekana kwenye ramani. Kwenye mteremko wa digrii 20, mita 20 za kamba ni mita 18.8 tu za ulalo. Ploti yako ilikuwa na mita za mraba 376. Kama ulihesabu miti 15, uliandika miti 375 kwa hekta, na jibu ni 399. Ukirudia kosa hilo kwenye ploti zote, wingi wa ploti haukuokoi, maana zote zinakosea upande mmoja.

Dawa yake: pima mteremko kwa klinomita, kifaa cha kupimia pembe, ukimlenga mwenzako kwenye kimo sawa na cha macho yako. Gawa 20 kwa kosaini ya pembe hiyo. Kwa digrii 20 utapata mita 21.3; huo ndio urefu wa pande mbili zinazoshuka. Pande zinazokata mlima zinabaki 20. Kona ziwe mraba kwa ile 3-4-5 ya mafundi ujenzi.

Halafu kipenyo cha shina. Hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu wa mteremko. Kata fimbo ya urefu huo utembee nayo, usikadirie kwa kifua chako. Mringaringa uliogawanyika chini ya 1.3 ni mashina mawili. Uliogawanyika juu yake ni moja. Na kama futikamba ni ya kawaida, unasoma mzingo: gawa kwa 3.14. Mgrevilea wa “sentimita 94” ni wa kipenyo cha 30. Tumeona ripoti zenye miti minene kuliko mibuyu kwa sababu hiyo tu.

Pointi zangu za GPS zinakaa mbali na mto kwenye ramani, na mimi nilisimama ukingoni. Kifaa kibovu? (Msomaji, Tengeru)

Zikiwa zote zimehama upande mmoja kwa kama mita 300, kifaa kizima. Ramani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, GPS inatoa mwingine, WGS 84. Kwenye QGIS, programu ya ramani, ipe ramani namba ya mfumo wake, EPSG 21037, na pointi EPSG 32737, programu itazioanisha yenyewe. Ikihama pointi moja tu, hiyo ni tarakimu uliyokosea kunakili. Namba hizo za EPSG ni za kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda za longitudo, yaani Arusha na Moshi. Ukipelekwa mafunzoni kreta ya Ngorongoro umeshavuka longitudo 36: tumia 21036 na 32736.