Vla ya Waholanzi na kastadi yetu ni kitu kimoja?

Swali: Shikamoo shangazi, mi naitwa Shamim niko Jinja. Kaka yangu anasoma Utrecht, Uholanzi, kila mara anatutumia picha za kitu kinaitwa vla, anakimimina kutoka kwenye pakiti kama maziwa halafu anasema eti ni kastadi tu. Kastadi gani inamiminika? Yangu ya unga wa kopo inaganda mpaka unaikata na kijiko, nikapika ya mayai na kon flawa usiku ilikuwa nzito asubuhi kwenye friji nakuta maji. Naweza kupika hiyo vla hapa? Na inasomwaje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kaka yako kasema kweli, ni kastadi, ila Waholanzi wanaipenda nyepesi na baridi, baada ya chakula cha jioni. Zamani iliuzwa kwenye chupa za vioo na watu walikuwa na kijiti chenye kipande cha mpira mwishoni, flessenlikker, cha kukwangulia inayobaki chini. Iko ya vanila, ya chokoleti, na hopjesvla ya kahawa na karameli, ladha ya pipi za mji wa Den Haag zenye jina la Baron Hop, na sisi wenye kahawa ya Bugisu hiyo lazima tuijaribu.

Ule unga wa kopo alianza nao Alfred Bird kule Birmingham mwaka 1837 sababu mke wake mayai yalikuwa yanamdhuru, kwa hiyo ladha ya yai usiitafute humo.

Sasa hayo maji ya asubuhi, hapo tatizo ni moto. Kiini cha yai kina kimeng'enya (enzyme) kinachokula wanga wa kon flawa, usipokichemsha vizuri kinaendelea na kazi yake usiku kucha ndani ya friji! Chukua maziwa lita 1, ya Mbarara yanafaa sana, sukari gramu 80, kon flawa gramu 40, viini 3 na vanila. Koroga viini, sukari na kon flawa na maziwa baridi kidogo, yaliyobaki yachemshe, yamimine humo polepole huku unakoroga, kisha rudisha vyote kwenye sigiri moto mdogo na mwiko usisimame hata kidogo, mpaka itoe yale mapovu mazito yanayopasuka plop plop, iache hivyo dakika moja au mbili ndo uepue utie vanila. Ikishapoa kabisa ipige na mchapo, hapo inalegea, inamiminika.

Kusoma, sema "fla", silabi moja, maana v yao mwanzoni iko karibu na f. Na g yao ni kh kama ya Alkhamisi, mji wa Gouda wanauita "Khauda", aliyepita madrasa anaiweza haraka kuliko Mwingereza.

Ikikubali, wapangie watoto vlaflip kwenye glasi, yaani sirapu nyekundu, yogati na vla, tabaka kwa tabaka, usizichanganye.