Jifunze kwanza kinachotangulia amri: ipmitool kwa wanaoanza

Ukianza kazi ya kusimamia seva za mbali, haitachukua muda kabla hujaambiwa uamshe mashine iliyokwama kabisa. SSH, njia ya kawaida ya kuingia kwenye seva kupitia mtandao, haitakufaa hapo. Utakayoongea nayo ni BMC, kompyuta ndogo iliyo kwenye ubao mama, ambayo huwa macho hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme unafika. Wengi tunaifikia kwa programu ya ipmitool. Wageni hukimbilia kukariri amri zake. Mimi naona heri uzijue kwanza zile chaguo fupi zinazotangulia amri, maana ndizo zinazoamua nani atapigwa.

Tazama mstari huu:

`ipmitool chassis power off`

Hauna `-H`, chaguo la kutaja anwani ya BMC unayoilenga. Usitegemee kuulizwa anwani: kwa kawaida amri hupitia kiendeshi cha ndani na kuizima mashine ileile unayoiandikia. Tena `off` hukata umeme papo hapo. Anayetaka mfumo ujifunge wenyewe huandika `soft`. Kwa hiyo anza na amri za kusoma tu. Andika mstari mzima wenye `-H`, umalizie na `fru print` inayoonyesha utambulisho wa mashine, ulinganishe namba ya mfululizo na ile iliyo kwenye orodha yenu. Ikilingana, bonyeza mshale wa juu ubadilishe maneno ya mwisho peke yake. Ni polepole, najua.

Andika `-I lanplus` kila mara. `lan` tupu ni ya toleo la 1.5 la IPMI, itifaki ya kuongea na BMC, na mawasiliano yake hayasimbwi. `Lanplus` ni ya toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2004.

Nywila usiiweke kwenye `-P`, itabaki katika kumbukumbu ya amri zako. Tumia `-a` uulizwe, au `-f` pamoja na faili unayoisoma wewe tu. Ipo pia `-E`, inayosoma kigeu cha `IPMI_PASSWORD`, ila ukikijaza kwa `export` ya kuandika kwa mkono umerudi kulekule. Kijaze kwa `read -s` kwanza, ndipo ukifanyie `export` bila kuandika nywila.

Inayosumbua watu bila wao kujua ni `-L`. Usipoitaja, programu huomba hadhi ya ADMINISTRATOR. Akaunti yako ikiwa ni ya OPERATOR, hadhi ya chini yake, utakataliwa kwa ujumbe kwamba kikao hakikuweza kuanzishwa, nawe utaanza kuilaumu nywila, halafu ngome ya mtandao, halafu kebo. Ongeza `-L OPERATOR` ujaribu tena. Ikigoma, weka `-v` usome sababu yenyewe.

Kubadili anwani ya BMC ukiwa umeingia kupitia anwani hiyohiyo ni kukata tawi ulilokalia. Ikiwa mfumo wa seva uko hai, ingia kwa SSH, uwe root (msimamizi mkuu), ufanye kazi kutoka ndani. Hifadhi kwanza matokeo ya `lan print 1` kwenye faili (1 ni namba ya chaneli ya mtandao ya BMC, yako huenda ikawa nyingine), kisha:

`ipmitool lan set 1 ipsrc static`

Baada ya hapo `ipaddr`, `netmask`, na `defgw ipaddr`. Utagundua hukuombwa nywila ya BMC popote. Maana yake ni kwamba aliye root kwenye seva anaweza kuibadili hata hiyo nywila, kwa hiyo msitumie nywila moja kwa BMC zote. Poti ya UDP 623 nayo isionekane kabisa kwenye intaneti: IPMI 2.0 humpa yeyote anayelijua jina la mtumiaji hashi ya nywila yake (alama iliyokokotolewa kutokana na nywila) kabla hajathibitishwa, akaivunje kwa nafasi yake. Hilo limo kwenye itifaki yenyewe, si kasoro ya kurekebishwa kwa kusasisha.

Jambo dogo la mwisho, kuhusu `sol activate` inayokuletea skrini ya maandishi ya seva. Kutoka ni `~.`, na SSH nayo hutumia alama hizohizo. Ukiwa ndani ya SSH utajikuta umefunga SSH, huku kikao cha SOL (hicho cha skrini ya maandishi) huenda kimebaki wazi. Andika `~~.`, au ubadilishe alama kwa `-e`. Kikikwama, `sol deactivate` hukifunga.